Chumvi haiui mathenge

Ushauri wa siku nyingi husema: kata mti msumbufu uani, mwagia kisiki chumvi, basi umekwisha. Kwa mathenge, mti ulioenezwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, hiyo ni hasara tupu. Mti huu hustahimili udongo wa chumvichumvi. Kitakachoumia ni sukuma wiki yako. Kukata juu juu nako ni kuukaribisha uote vichaka, maana machipukizi hutoka kwenye macho yaliyo chini kidogo ya ardhi, shina linapokutana na mizizi. Chimba uvuke hapo, kama sentimita 30, ndipo ukate. Miche ing'oe mapema, udongo ukiwa na unyevu. Maganda nayo yaokote kabla mbuzi hawajayala: mbegu nyingi hupita tumboni mwao zikiwa hai.