Ngome za Rasi: Jinsi ya Kusoma Ukuta Unaoliwa na Bahari

Ukitaka kuielewa ngome ya rasi, anzia shingoni, si ukutani. Rasi iliyozungukwa na magenge pande tatu ina upande mmoja tu wa kufikika kwa miguu, na mara nyingi upande huo ni mwembamba. Badala ya kujenga boma la kuzunguka eneo zima, unaikata shingo kwa ukuta mfupi na mitaro michache, kisha unaiachia bahari kazi iliyobaki. Mawe yanapungua, siku za kazi zinapungua. Kwa hesabu hiyo watu wa kale wa Ireland, Wales, Cornwall (kusini magharibi mwa Uingereza) na Brittany (kaskazini magharibi mwa Ufaransa) waliziba shingo za rasi nyingi mno, nyingine zikiwa kubwa za kutosha kijiji, nyingine hazitoshi hata zizi la ng'ombe.

Mfano ninaoupenda ni Dún Beag, pale Fahan kwenye rasi ya Dingle, kusini magharibi mwa Ireland. Maana ya jina ni "ngome ndogo", na kweli ni ndogo. Iko chini ya mlima Mount Eagle wenye mita 516, juu ya genge linalotazama ghuba ya Dingle. Mwaka 1977 ilichimbwa kitaalamu chini ya mwanaakiolojia Terry Barry, kwa sababu ilikwishaonekana kwamba genge linakatika.

Ukitokea bara unakutana kwanza na mitaro mitano na matuta manne ya udongo yanayopishana. Udongo uliotoka mtaroni ndio uliotupwa kando ukawa tuta, kwa hiyo kila jembe lililopigwa lilifanya kazi mara mbili: lilishusha chini na kupandisha juu. Wageni wengi hukosea hapa. Huona bonde la kina cha goti na kudhani ndivyo lilivyokuwa. Mtaro mpya haudumu na umbo lake. Kingo huporomoka mapema, kokoto na mabonge hutangulia kujaa chini, halafu tope laini huja juu yake polepole kwa karne nyingi. Kule Overton Down, Uingereza, mwaka 1960 watafiti walijenga tuta na mtaro kwa makusudi ya kuvitazama vikizeeka, na mabadiliko makubwa yakaonekana katika miaka ya mwanzo. Ardhi ya pale ni chokaa, si kama ya Kerry, jimbo ilimo Dingle, lakini mwenendo ni huohuo. Kina cha kweli cha mtaro hakijulikani mpaka ukate mkato wa kuvuka mtaro mzima, hadi udongo ambao haujawahi kuguswa.

Nyuma ya mitaro ndipo unapokuja ukuta wa mawe. Haukutumia chokaa wala udongo wa kushikiza. Kwa sisi tuliozoea kuta za matumbawe na chokaa za Gedi au Kilwa, ukuta mkavu unaonekana kama wenye kasoro, kumbe una faida yake: maji yanapita katikati ya mawe na kutoka, hayabaki ndani. Hujengwa nyuso mbili, ya nje na ya ndani, katikati pakijazwa mawe madogo. Jiwe la juu lazima likalie mawe mawili ya chini. Viungo vya safu kadhaa vikipangana mstari mmoja wima, hapo ndipo ukuta utakapopasukia. Na mawe marefu lazima yaingie ndani ya kifusi kama meno, la sivyo uso unatokeza tumbo, kisha unamwagika wote kwa siku moja. Kwenye ngome za visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, Dún Aonghasa mojawapo, wajenzi walikwenda mbali zaidi: unene wa ukuta una tabaka zaidi ya moja, na kila tabaka lina uso wake kamili. La nje likianguka, la ndani bado linasimama.

Mlango wa Dún Beag ni ujia uliofunikwa kwa mawe marefu, kama linta, wenye vyumba vya walinzi ubavuni. Chini ya njia ya kuingilia hupita pango lililochimbwa na kujengewa mawe, la aina iliyojengwa sana Ireland katika karne za kwanza baada ya Ukristo kufika huko. Ndani ya ngome imebaki nyumba moja ya mawe, clochán, ambayo kwa nje ni ya mviringo na kwa ndani ina pembe nne. Nyumba za aina hii huezekwa kwa mawe yenyewe: kila safu husogezwa ndani kidogo kuliko iliyo chini yake.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza: ni ya lini? Jibu la mwaka mmoja ni la uongo. Mtaro uliokutwa chini ya ukuta ulitoa tarehe ya kaboni, yaani umri unaopimwa kwa kaboni iliyobaki katika mabaki ya viumbe, ya karne ya 6 KK hivi. Nyumba ilikuwa ikikaliwa katika karne ya 10 na ya 11 BK. Kati ya hizo mbili ni zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, na ukuta wenyewe ulijengwa kwa awamu zaidi ya moja. Kibao kinachoandika "ngome ya Enzi ya Chuma" halafu kikanyamaza kinamdanganya msomaji.

Je, ilikuwa ya vita? Mimi nina shaka. Ukisimama kwenye miteremko ya Mount Eagle unaitazama ngome kutoka juu. Na mitaro mitano kwa ngome ndogo hivi ni mingi kuliko watu wa kuilinda. Naona mwenye boma alitaka aonekane na kila apitaye pwani, ingawa ukuta wa fahari bado ni ukuta na mwizi wa ng'ombe angeusumbukia. Lakini si vema kulibeba jibu hilo hadi kila pwani. Julius Caesar, aliyepigana na Waveneti, kabila la Brittany, mwaka 56 KK, aliandika kwamba miji yao ilikaa kwenye ncha za rasi: maji yakijaa, askari wa miguu hawafiki, yakipwa, merikebu zinakwama kwenye vina vifupi. Warumi walipofanikiwa kuizuia bahari kwa matuta, wenyeji walipakia mali zao majahazini na kuhamia mji wa pili. Hapo rasi ilikuwa silaha kweli, ila kwa mwenye vyombo.

Bahari iliyolinda ndiyo inayobomoa. Jiwe la mchanga la Dingle lina nyufa. Wimbi hupenya kwenye ufa, hubana hewa, huling'oa bonge, na genge likishachimbwa chini, juu hujimega lenyewe. Januari 2014 dhoruba iliangusha sehemu ya ukuta wa Dún Beag pamoja na sehemu ya mlango. Kwa hiyo ramani ya leo si ramani ya wajenzi. Mlango unaouona pembeni huenda ulikuwa karibu na katikati. Nyumba iliyo ukingoni huenda ilikuwa na majirani. Kupima eneo la ndani hadi kwenye genge la leo kisha kukisia idadi ya wakazi ni kosa la msingi.

Kwa wanaorekodi maeneo kama haya, mambo machache. Alama za kupimia ziwekwe bara, nje ya mitaro, kwenye mwamba. Alama iliyopigiliwa rasini itasogea au itaanguka, na vipimo vyote vya nyuma vitakosa pa kushikia. Kila picha ya droni ifunike asilimia 70 hadi 80 ya eneo la picha ya jirani, na zipigwe pia kwa kuinamisha kamera, maana picha ya kutoka juu tupu haioni uso wa genge wala mahali palipochimbwa chini. Usiamini wastani wa mmomonyoko kwa mwaka: genge linaweza kutulia miaka ishirini, kisha likapoteza mita mbili usiku mmoja. Majani yakiwa marefu huficha nyufa za ukingoni, hivyo piga picha mwisho wa majira ya baridi, na usikaribie ukingo ambao hujauona kwa chini.

Saruji isiguswe. Ukiziba viungo vya ukuta mkavu, maji hubaki ndani, baridi huyagandisha, na mawe husukumwa nje. Mawe yaliyoanguka ufukweni nayo yasirudishwe kwa kukisia: jiwe lisilo na picha ya lilipokaa ni jiwe tu. Ndiyo maana sehemu iliyo karibu zaidi na ukingo hupigwa picha kwanza, jiwe kwa jiwe, kabla ya ile nzuri ya katikati.