Tala haishikwi kwa kuhesabu

Mwanafunzi anayeanza kujifunza tabla, jozi ya ngoma za mkono za India, kwangu huwa ameshajua kwamba tintala, tala (yaani mzunguko wa mapigo) inayotumika zaidi katika muziki wa klasiki wa India ya Kaskazini, ina mapigo 16, na kwamba mapigo hayo, yanayoitwa matra, yamegawanywa katika mafungu manne ya mapigo manne manne. Hata hivyo, nikipiga mizunguko mitatu mfululizo, hupotea, kwa sababu akili yake imeshughulika na namba na sikio limeachwa bila kazi.

Kwanza mkono. Katika tintala tunapiga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye pigo la 9 hatupigi kofi, bali tunageuza kiganja juu hewani. Pigo la kwanza huitwa sam. Lile la mkono mtupu huitwa khali, neno lenye asili ya Kiarabu, lile lile lililomo katika jina la Rub al Khali, jangwa linaloingia hadi Oman. Katika mfumo wa maandishi wa Vishnu Narayan Bhatkhande (1860–1936), sam huwekewa alama ya X na khali huwekewa sifuri.

Sasa sikiliza silabi ambazo mpigaji huzitamka kabla ya kuzipiga, kila moja ikiwa ni matra moja: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Dha na dhin huhitaji mikono yote miwili, na ngoma ya kushoto ndiyo inayotoa ule mvumo mzito ambao wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanaujua vizuri. Tin na ta huachiwa mkono wa kulia peke yake. Kwa hiyo mvumo hutoweka kuanzia pigo la 10 hadi la 13, kisha hurudi kwenye la 14, kana kwamba unabisha hodi kuwa sam imebakiza mapigo matatu tu. Angalia pia kwamba kiganja hugeuzwa kwenye pigo la 9 ilhali dha ya hapo bado ina mvumo: mkono na sikio hupishana kwa pigo moja. Wengi hudhani wamekosea wanapolisikia hilo, kumbe ndivyo tala ilivyo.

Sam ni mwanzo na ni mwisho pia, na bila kulielewa hilo tihai haieleweki. Tihai ni fungu la mapigo linalorudiwa mara tatu ili pigo lake la mwisho liangukie sam. Chukua fungu la mapigo matano, ulipige mara tatu, na kila baada ya fungu, isipokuwa la mwisho, upumzike pigo moja: tano, moja, tano, moja, tano, jumla 17. Ukianzia kwenye sam, pigo la 17 ni sam ya mzunguko unaofuata.

Rupaki, tala nyingine yenye matra saba zilizogawanywa tatu, mbili na mbili, hufanya ukaidi wa kupendeza: sam yake yenyewe ndiyo khali, hivyo mzunguko huanza kwa mkono mtupu na mvumo husubiri hadi pigo la 4.

Mtihani mkubwa ni ektala ya polepole, yenye matra 12, ambayo katika khayali, mtindo wa uimbaji wa klasiki wa India ya Kaskazini, huweza kuchukua karibu dakika nzima kukamilisha mzunguko mmoja. Hapo hakuna anayeweza kuhesabu kwa raha. Mimi hungoja tirakita, msururu wa haraka unaosikika kwenye pigo la 4 na la 10, kisha nasikiliza kinachofuata: ikiwa ni silabi “tu na”, tumefika nusu ya njia, ikiwa ni “dhi na”, mwimbaji amebakiza matra mbili tu za kuyafikisha maneno yake kwenye sam.