Sola ya pamoja katika nyumba ya wapangaji sita

Sehemu kubwa ya kazi yangu ya ufundi umeme jijini Dar es Salaam iko katika nyumba za Kiswahili za Mbagala, Buguruni na Tandale: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, na mita moja ya LUKU inayowahudumia wote. Katika nyumba moja ya Mbagala, daftari la michango ya umeme limefungwa kwa kamba kwenye msumari chini ya mita. Niliposoma kurasa zake niliona chumba namba 3 kimeandikwa kuwa kina friji, mwenyewe amefuta, na mkono mwingine umeandika tena kwa kalamu nyekundu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniita kufunga sola, lakini daftari lile lilinionyesha kwamba kabla ya kupanda juu ya bati ilibidi tujue kila chumba kinatumia kiasi gani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini tuhangaike na sola wakati Bwawa la Julius Nyerere, lile la kuzalisha umeme katika mto Rufiji, lipo. Ni kweli kwamba mitambo yake 9 ina uwezo wa megawati 2,115 na kwamba umeme wake ulianza kuingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2024, jambo lililopunguza sana mgao. Lakini umeme ukishazalishwa Rufiji bado una safari ndefu ya kufika chumbani kwako, na mitaani kwetu unakatika kwa sababu transfoma imezidiwa, nguzo imeanguka au waya umepigwa na tawi la mwembe.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui, nalo linaniuma. Bei ya umeme kwa mtumiaji mdogo, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100 kwa uniti, na baada ya kodi na tozo inafika 122. Mtumiaji wa kawaida analipa 292, ambayo baada ya kodi na tozo hizo ni 356. Familia sita zinazotumia uniti 35 kila moja zingestahili zote bei ya chini kama kila moja ingekuwa na mita yake, lakini kwa kuwa zinachangia mita moja, mita hiyo inasoma uniti 210 na wote wanalipa bei ya juu. Watu wa kipato kidogo wanalipa karibu mara tatu kwa sababu tu wanaishi pamoja.

Tulipoketi uani na wapangaji tulihesabu hivi: taa mbili za wati 7 kwa saa tano, simu mbili, feni ya wati 50 kwa saa sita, runinga na king'amuzi kwa saa nne. Chumba kimoja kinatumia takriban wati-saa 640 kwa siku, na vyumba sita karibu uniti 4, kwani uniti moja ni wati-saa 1,000. Paneli nne za wati 450 na betri ya lithiamu ya volti 48 yenye ampea-saa 100, ambayo inatunza takriban uniti 5, zinatosha mahitaji hayo kwa siku ya jua la kawaida. Msimu wa masika zinapungukiwa, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani, inachukua kilichobaki kutoka TANESCO.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini mwezi wa kwanza betri ilikuwa ikiisha saa tatu usiku. Mpangaji mmoja alikuwa akipiga pasi, mwingine akichemsha maji kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, na wala hawakuwa na nia mbaya. Soketi ilikuwa mbele yao na hakuna kitu kilichowaambia kwamba umeme ule una kikomo. Nilirudi nikatenganisha waya. Taa, feni na soketi moja ya kila chumba zikabaki upande wa sola, kila chumba na breka yake ya ampea 2 na mita ndogo ya kuhesabu uniti. Pasi, hita na jiko la umeme zikabaki upande wa TANESCO. Ampea 2 kwa volti 230 ni wati 460, vyumba sita kwa pamoja haviwezi kuzidi wati 2,760, na inveta yetu ni ya wati 3,000. Ukichomeka pasi upande wa sola, breka inayoanguka ni ya chumba chako peke yake, na jirani anaendelea kutazama taarifa ya habari.

Sasa gharama, na hapa napenda kusema ukweli wote. Mfumo huu uligharimu karibu shilingi milioni 5.4, na kila chumba kinachangia 15,000 kwa mwezi kwa miaka mitano. Ukigawanya kwa uniti 120 za mwezi, kila uniti inafika shilingi 750, zaidi ya mara mbili ya bei ya LUKU. Fundi anayekuambia kwamba sola yenye betri ni rahisi kuliko TANESCO hajapiga hesabu. Hata hivyo uniti hizo 120 hazinunuliwi tena kwenye LUKU, kwa hiyo nyumba inaokoa takriban 42,700, na kinachobaki ni karibu shilingi 7,900 kwa chumba kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya kutokukaa gizani, na ndiyo ya kulinganisha na petroli ya jenereta, mishumaa, au kazi ya fundi cherehani wa chumba namba 5 aliyekuwa akipoteza oda kila umeme unapokatika jioni.

Upande wa ufungaji nitaje mawili tu. Paneli isilazwe juu ya bati. Acha nafasi ya kiganja ili upepo upite, kwa maana joto linapunguza umeme unaozalishwa. Na lazima inveta ijitenge kabisa na laini ya TANESCO umeme unapokatika, la sivyo umeme wako utarudi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda akiamini laini imezimwa.

Lililobaki gumu ni umiliki. Wapangaji wanahama, paneli zinabaki, kwa hiyo tulikubaliana kwamba mfumo ni mali ya mama mwenye nyumba na ile 15,000 inafuata chumba. Chumba kikiwa wazi, yeye ndiye anayelipa. Aliponiuliza, "Sasa fundi, na betri ikifa?" nilimwambia aanze kutenga fedha ya betri mpya mara tu ile michango ya miaka mitano itakapoisha, na ameshaifungulia ukurasa wake mwishoni mwa daftari lile lile.