Kibali cha mbwa hakitolewi usiku wa kuamkia safari

Kila ikifika wiki ya pili ya Desemba, foleni ya ofisi yetu ya mifugo hubadilika sura. Wenye ng'ombe na mbuzi wa sikukuu wapo kama kawaida, lakini nyuma yao husimama watu wanaokwenda Moshi, Bukoba, Tanga au Mbeya. Gari limeshajazwa mafuta, watoto wameshafunga shule, na wanataka karatasi ya mbwa, yaani kibali cha kumsafirisha, "chapchap daktari, tunatoka saa kumi alfajiri." Yupo mmoja aliyekuja bila mbwa. Alikuja na picha ya mbwa kwenye simu. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba siwezi kupima joto la picha.

Ndiyo maana tunaandika mapema safari hii. Wengi wanaofika ofisini si wakaidi. Wanampenda mbwa wao, ndiyo sababu hawataki kumwacha. Tatizo lao ni kalenda.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza haimkingi siku hiyohiyo. Mwili wake unahitaji wiki tatu hadi nne kujijengea kinga. Nchi nyingi zinazopokea mbwa kutoka nje huhesabu siku 21 tangu chanjo ya kwanza kabla ya kuitambua. Sisi tunamshauri mwananchi ahesabu 30, asibanwe na siku. Kwa hiyo anayeniomba nirudishe tarehe nyuma "siku chache tu" ananiomba nitie muhuri kwenye uongo. Wapo wanaoandikiwa mitaani na watu ambao Baraza la Veterinari haliwatambui, na vyeti hivyo tunavijua kwa mbali: hakuna kibandiko cha chupa ya chanjo, hakuna namba ya toleo, na chanjo za miaka mitatu zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, wino uleule.

Halafu kuna hoja ninayoisikia kila wiki: "Mbwa wangu hatoki getini, kichaa atakipata wapi?" Ndugu yangu, kesho si unamtoa getini? Tena unampeleka kilomita mia tano na ushee, akalale uani kwa bibi pamoja na mbwa wanne ambao hujui walichanjwa lini au kama walichanjwa kabisa.

Anayedhani tunakuza mambo aitazame Pemba. Ni kisiwa, na mbwa havuki bahari kwa miguu yake. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa, kichaa kilitoweka huko mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi. Watafiti walipochunguza vinasaba vya virusi waliona kwamba viliingizwa na mbwa waliosafirishwa na binadamu. Ikabidi chanjo zianze upya mpaka ugonjwa ukatokomezwa tena mwaka 2018. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, kabla dalili hazijaonekana. Mbwa anayepanda gari akitikisa mkia anaweza kuwa tayari amebeba kifo, na gari litamfikisha mbali kuliko ambavyo angefika kwa miguu.

Sasa utaratibu. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 inasimamia usafirishaji wa wanyama, na mbwa ni mnyama. Nalisema hili kwa sababu kila mwaka kuna anayeniambia kibali ni cha ng'ombe tu. Njoo ofisini na mbwa mwenyewe, awe na kamba shingoni, na akiwa mkali awe amefungwa mdomo. Njoo na cheti halisi cha chanjo, si nakala. Njoo na kitambulisho chako, namba ya gari, tarehe ya kuondoka na jina kamili la mahali unapokwenda: kijiji au mtaa, kata, wilaya. "Nyumbani Rombo" haitoshi, Rombo ni wilaya nzima. Daktari atampima joto, ataangalia macho, ngozi na kupe, kisha utapewa namba ya malipo ya Serikali na utalipa kwa simu au benki. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi, hata akiwa amevaa koti jeupe. Kibali kitaandikwa jinsia, rangi na alama za mbwa, anakotoka, anakokwenda, njia atakayopita na siku ambazo kibali kinatumika. Zikipita siku hizo, karatasi imekufa. Ukibadili njia, rudi kwanza kabla ya kuondoka. Ukifika, mwonyeshe Afisa Mifugo wa kata kibali chako. Hatua hii ya mwisho karibu watu wote huiruka, wakati ndiyo inayotusaidia kujua mbwa wako alipo endapo ugonjwa utazuka huko.

Anayesafirisha bila kibali anaweza kuzuiliwa yeye na mnyama kwenye kituo cha ukaguzi. Mbwa akiwekwa chini ya uangalizi, gharama za chakula na matibabu ni za mwenye mbwa. Shauri likifika mahakamani kuna faini, kifungo, au vyote kwa pamoja. Kughushi cheti ni kosa jingine, na halihusu mifugo tena. Hapo tunawaachia polisi.

Anayevuka kwenda Zanzibar akumbuke kwamba mifugo si jambo la Muungano. Kibali cha Bara pekee hakikutoshi, tafuta ruhusa ya mamlaka za Zanzibar kabla ya kukata tiketi ya boti. Kwa Kenya, iwe unapita Namanga, Holili, Horohoro au Sirari, anza na kibali cha kuingiza mbwa kutoka kwa idara yao ya mifugo, ndipo uje kwetu kuchukua cheti cha afya. Watu hupindua mpangilio huu, kisha hukwama mpakani siku ya Jumapili.

Ulaya ni habari nyingine kabisa. Mbwa kutoka Tanzania anatakiwa awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, iliyowekwa kabla ya chanjo. Siku 30 baada ya chanjo anatolewa damu ipelekwe maabara inayotambulika, na kinga ifike angalau yuniti 0.5 kwa mililita. Kisha anasubiri miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Piga hesabu mwenyewe: ni miezi minne, kama hakuna kilichoharibika. Marekani, tangu Agosti 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi sita wala asiye na chipu, na Tanzania na Kenya zote ziko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa, kwa hiyo masharti huongezeka. Aliyepata ufadhili wa masomo asije kutuuliza habari za mbwa baada ya kupata viza.

Ndani ya gari, jambo linaloua ni joto. Mbwa hatoi jasho kama sisi, hupoa kwa kutweta, na hewa ikiwa ya moto kutweta hakumsaidii. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 41 ni dharura. Gari lililoegeshwa juani huongezeka karibu nyuzi 10 kwa dakika kumi tu, kwa hiyo ile "nanunua nyanya mara moja" ya Segera au Dumila yatosha kabisa kumuua, hata ukiacha kioo wazi kidogo. Ukimkuta amelegea na ulimi mwekundu, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida na umpepee. Usimrundikie barafu. Buti ya basi isahau. Hakuna hewa, kuna moshi, na ni mateso yanayokatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Dawa za usingizi za kubahatisha, achilia mbali kifuniko cha konyagi ambacho niliambiwa na mtu mzima mwenye akili timamu kuwa "humtuliza", humwondolea mbwa uwezo wa kujipoza. Mlishe kidogo saa nne kabla ya kuondoka, na kila baada ya saa mbili au tatu msimame anywe maji na ajisaidie.

Lakini msisimame Mikumi. Barabara ya Mbeya inakatiza hifadhi ya taifa, na mbwa hashuki pale. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa na wanyamapori, iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa kufugwa ndio waliohusishwa na chanzo chake. Chanjo ya distempa na pavo, ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa damu, inauzwa. Mchanjeni.

Kwa wengi, ushauri wangu wa kweli ni kumwacha mbwa nyumbani. Ila kumwacha maana yake si kumpa mlinzi elfu kumi na kiroba nusu cha unga kwa wiki tatu. Mlinzi naye ana sikukuu zake. Mbwa akikosa chakula siku ya pili, siku ya tatu anaruka ukuta, na akimng'ata mtoto wa jirani, mwenye mbwa ni wewe uliye Marangu. Acha chakula kilichopimwa kwa siku, maji ya akiba, cheti cha chanjo mahali kinapoonekana, namba ya daktari na fedha ya matibabu iliyo mbali na fedha ya chakula. Ukimpeleka kwa wanaolea mbwa kwa malipo, uliza kama wanadai vyeti vya mbwa wote. Wasipokudai chako, hawakudai cha wengine. Na mwambieni mlinzi pilipili na bangi hazimfanyi mbwa awe mkali. Zinamtesa tu.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Mbwa asiuawe. Afungwe, tumwangalie siku kumi.

Mkirudi salama, mkagueni kupe masikioni na katikati ya vidole. Kama mlipita maeneo yenye mbung'o na wiki chache baadaye jicho la mbwa likawa jeupe kama lina ukungu, akakonda na kulegea, si uzee huo wala si kulogwa. Mleteni apimwe damu. Tuko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, na safari hiyo pia mbwa aje mwenyewe.