Ubaguzi hauhitaji ugomvi wa zamani

Jioni moja hapa Ngamiani, Tanga, niliwatazama watoto waliojigawa kucheza mpira: nusu wakavua fulana, nusu wakabaki nazo. Hawakuwa na kisa chochote baina yao, na wawili walikuwa wa tumbo moja. Mpira ulipokwisha, mmoja wa ndugu hao, aliyekuwa kifua wazi, alipewa pakiti ya ubuyu awagawie wote. Akawajaza viganja wenziwe wa kifua wazi. Ndugu yake akaambulia kokwa mbili.

Kwenye baraza za kahawa husemwa kuwa watu hubaguana kwa sababu ya visa vya mababu, dini au mali. Visa hivyo huchochea, sikatai, lakini si sharti viwepo. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepoteza jamaa zake wengi katika Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha majaribio yaliyofanywa Bristol, Uingereza, kwa wavulana wa miaka 14 na 15. Waliambiwa kwamba wamegawanywa kwa kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky, ilhali mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha tu. Walipoamua nani apewe fedha kiasi gani, huku wenyewe hawapati kitu katika mgao huo, walipendelea kundi lao, na mara nyingi walikubali lipate kidogo mradi liwazidi wale wengine. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha.

Wapo wanaojitetea kuwa wana rafiki wa kabila fulani, hivyo hawawezi kulibagua. Rafiki huyo hutengwa kwa maneno mepesi, “yeye si kama wenziwe,” na dhana juu ya wenziwe ikabaki palepale.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba watu wakichanganyika, chuki huyeyuka yenyewe. Mwaka 1954, huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliyashindanisha makundi mawili ya wavulana kambini, kisha akayakutanisha mezani, wakarushiana chakula. Uhasama ulipungua walipokabiliwa na shida zilizowahitaji wote, kama lori lililogoma kuwaka, wakalivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindania kuvutana. Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, aliandika kuwa kukutana husaidia zaidi penye hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano na baraka za wenye mamlaka. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliwakutanisha watu wa makabila mengi kwa miongo mingi, lakini hadhi sawa haikuwepo: kibarua aliyetoka mbali alipewa namba, akaitwa manamba, na hakuna aliyeitwa hivyo kwa kusifiwa.