Mhuri wa Japani haupimi gitaa

Mteja akinitumia picha ya gitaa anayotaka kununua, mara nyingi haonyeshi shingo wala freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo. Anaonyesha bamba la nyuma lenye maneno Made in Japan, na chini yake ameandika: "Fundi, hii ni ya enzi za kesi. Nichukue?" Juzi imekuja nyingine ya namna hiyo, na muuzaji alikuwa amepandisha bei kwa sababu ya hilo neno kesi tu. Jamani, inatosha.

Tuanze na hiyo kesi, maana ndiyo madalali wanayoitumia kupandisha bei. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, ilifungua shauri huko Philadelphia dhidi ya Elger, waliokuwa wakisambaza magitaa ya Kijapani ya Ibanez nchini Marekani. Kilichogombewa ni umbo la kichwa cha gitaa, ule mkato wa juu unaofanana na kitabu kilichofunguliwa. Si mbao, si pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi), si sauti. Ibanez walikuwa wameshaanza kubadilisha vichwa vyao hata kabla ya shauri, na mwaka 1978 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Kesi ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Tokai, chapa nyingine ya Kijapani, hawakuwemo. Greco nao hawakuwemo. Aria, Wajapani pia, hawakuwemo. Lakini leo kila gitaa lenye umbo la Les Paul, modeli maarufu ya Gibson, lililotoka Japani, liwe la 1971 au la 1985, linauzwa kwa jina la kesi isiyolihusu.

Kinachoniudhi zaidi ni hoja inayofuata: eti Gibson wasingeshtaki kama Wajapani hawakuwa wamewazidi kwa ubora. Shauri la umbo ni shauri la umbo. Gitaa bovu kuliko yote duniani likibeba kichwa kile kile linashtakiwa vile vile. Hukumu ya ubora haikutolewa na mahakama yoyote, na hakuna aliyeiomba.

Sasa tuje kwenye ubora wenyewe. Pale Matsumoto, mkoa wa Nagano, palikuwa na FujiGen na Matsumoku. Tokai walikuwa Hamamatsu. Viwanda hivi vilitengeneza magitaa mazuri sana, hilo silipingi, na mengine ningeyabeba mbele ya ya Marekani ya miaka ile ile. Lakini viwanda hivyo hivyo, mwaka huo huo, vilitengeneza pia magitaa ya kumuuzia mwanafunzi asiye na hela. Na kwa soko la kwao hawakuficha: waliandika daraja kwenye jina la modeli. Greco EG-500 iliuzwa yeni 50,000. Tokai LS-50 vivyo hivyo, yeni 50,000, na juu yake kuna LS-100. Fender Japan, kampuni iliyoanzishwa 1982, walikuwa na ST62-115, yaani Stratocaster ya mtindo wa 1962 kwa yeni 115,000. Mtengenezaji mwenyewe amekwambia gitaa lake ni la ngazi gani, halafu wewe unamsikiliza dalali anayekwambia "Mjapani ni Mjapani".

Namba hiyo haipo kwa kila chapa, na magitaa mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Japani hayana. Hapo itabidi ufungue skrubu. Na hata ikiwepo, inakwambia gitaa lilizaliwaje, haikwambii limeishije.

Namba za mfululizo za kiwandani zinasaidia kidogo. Kwa Ibanez za kuanzia katikati ya miaka ya 1970, herufi ya kwanza ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, kwa hiyo H78 ni Agosti 1978. Squier, chapa ya Fender ya bei nafuu, zile za mwanzo za 1982 hadi 1984, zinaanza na JV. Lakini pale namba inapokaa kwenye bamba la shingo, kumbuka bamba hilo linashikwa na skrubu nne. Linahama kutoka gitaa moja kwenda jingine kwa dakika tano. Nimeona bamba zuri juu ya gitaa ambalo halikuwahi kukutana nalo kiwandani.

Kwa hiyo omba kuondoa pikapu moja, tena mbele ya mwenye mali. Angalia ukingo wa shimo kwa tochi. Ukiona mistari myembamba ya tabaka juu ya tabaka, hiyo ni plaiwudi, hata kama juu imebandikwa ganda la mbao lenye mawimbi mazuri. Ukiona mishipa ya mbao moja inayoshuka hadi chini, ni mbao kamili. Ile yenye mishipa wazi kama ya mti wa ashi mara nyingi ni sen, mti wa huko huko Japani, na hauna kasoro yoyote. Angalia pia shingo inavyoungana na bodi. Les Paul iliyofungwa shingo kwa skrubu badala ya kugundishwa kwa kawaida ni ya ngazi ya chini au ya miaka ya mwanzo, na nyingi za mwanzo zina uwazi chini ya ubao wa mbele.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakusanyaji hawapendi kulisikia. Baadhi ya hayo ya plaiwudi yanalia vizuri mno. Ukiyatia kwenye amplifaya iliyopandishwa kidogo, yanatoa sauti ya katikati yenye ukali mtamu, na sina maelezo ya kisayansi ya kukupa zaidi ya kwamba pikapu na mikono vinafanya kazi kubwa kuliko tunavyokubali. Ukilipenda, linunue. Ila lilipie bei ya plaiwudi.

Shingo ndiyo inayoamua. Inamisha gitaa, weka jicho upande wa kichwa, tazama ukingo wa ubao wa vidole mpaka kwenye bodi, kwanza upande wa uzi mnene, kisha upande wa uzi mwembamba. Ikiwa upande mmoja umenyooka na mwingine umepinda, shingo imejisokota, liache. Kisha bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na bodi, angalia nafasi juu ya freti ya saba. Milimita 0.2 hadi 0.3 ni sawa: kadi ya biashara ipite bila kuusukuma uzi.

Nafasi ikizidi, geuza trasirodi, ile fito ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo mzunguko, si zaidi, huku umelegeza nyuzi. Trasirodi iliyofika mwisho ni hasara ambayo picha haionyeshi. Na hapa nina shaka ambayo vitabu vya ufundi havina: nati yake ikikataa kugeuka, pale dukani huwezi kujua kama imeshika kutu, au meno ya skrubu yake yamefika mwisho, au mtu aliikaza mpaka ikala mbao. Matokeo matatu, dalili moja. Mimi huchukulia lile baya zaidi na kukata bei kwa hilo, na muuzaji akinuna sibadilishi. Ukiishi Tanga au Mombasa hili lina uzito zaidi, maana unyevu wa Pwani utaichezesha hiyo shingo, na utahitaji trasirodi inayotii.

Freti zilizochimbika chini ya nyuzi za kwanza mbili zinasawazishwa kama bado zina kimo. Zikiwa bapa, hesabu gharama ya kuweka mpya kabla ya kutaja bei. Kwenye Les Paul pitisha tochi kwa ubavu nyuma ya kichwa, pale kinapoungana na shingo. Mstari mwembamba unaokatiza rangi maana yake kichwa kilivunjika kikagundishwa. Kikigundishwa vizuri kinashika, lakini bei si ile tena.

Umeme usikutishe. Volyumu inayokwaruza inasafishwa au inabadilishwa, lehemu iliyoachia inarudishwa. Ukinunua vipuri, kumbuka shina la volyumu la Kijapani kwa kawaida lina meno 18 na la Kimarekani 24, kwa hiyo vishikio vya modeli ya Marekani havitaingia sawasawa. Pikapu ndiyo ya kuangalia. Washa amplifaya, pandisha sauti, gonga pikapu kwa ukucha. Ikipiga filimbi hata ukishika nyuzi zote, nta ya ndani imelegea au haikuwekwa kabisa. Inatibika kwa kuichovya kwenye nta iliyoyeyushwa, kazi ya fundi anayejua joto, kwa sababu likizidi kidogo plastiki ya ndani inapinda na pikapu imekufa. Muulize fundi huyo bei yake kwanza, halafu ndipo urudi kwa muuzaji.