Je, wajua kwa nini robo dola ya 1964 ina thamani kuliko ya 1965?

Chukua robo dola mbili za Marekani, moja ya 1964 na nyingine ya 1965. Usoni zote zina George Washington, nyuma zina tai. Sasa zigeuze uzitazame ukingo. Ya 1964 ni nyeupe tupu. Ya 1965 ina mstari mwekundu wa shaba katikati, kama nyama ndani ya mkate.

Mstari huo ndio jibu. Hadi 1964, robo dola ilikuwa madini ya fedha asilimia 90. Bei ya fedha ilipopanda na sarafu kuadimika mitaani, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya Julai 1965, na robo dola ikawa shaba iliyovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sisi Waswahili neno letu la pesa ni lilelile la madini, fedha. Wamarekani mwaka ule walivitenganisha viwili hivyo.

Mizani ya sonara nayo haidanganyi: ya zamani ina gramu 6.25 na mpya 5.67. Katika ile ya zamani mna takriban gramu 5.6 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo, utapata thamani ya chini kabisa ya sarafu yako, hata kama imechakaa kiasi. Ni mbali sana na senti 25.

Juu ya hapo kuna uadimu, na hapa wengi hukosea wakidhani umri ndio kila kitu. Robo dola yenye tarehe 1776–1976, ya kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani, na mpiga ngoma mgongoni huwasisimua watu, lakini zilitengenezwa zaidi ya bilioni 1.6, na ile ya kawaida ni senti 25 tu. Ya 1932 ni habari nyingine. Tazama nyuma, chini ya tai: ukikuta herufi ndogo ya kiwanda cha sarafu, D ya Denver au S ya San Francisco, umeshika sarafu ambayo kila kiwanda kilitoa chini ya nusu milioni. Lakini usishangilie upesi. Walaghai huibandika herufi hiyo juu ya sarafu ya kawaida, kwa hiyo mpe mtaalamu aiangalie kwanza.

Mwisho ni hali yake. Wataalamu huipa alama 1 hadi 70, wakikagua nywele za Washington juu ya sikio na manyoya ya kifua cha tai, maana hapo ndipo panapolika mapema. Inaniuma sana ninapoona mtu ameisugua sarafu ya namna hii kwa ndimu na majivu ili ing'ae. Mikwaruzo ile haifutiki, na mnunuzi huiona mara moja. Iache na weusi wake, ishike kwa ukingo, iweke peke yake kwenye bahasha ya karatasi kavu.